Watoto Waliokosa Jina

Hebu tuhesabu majina kwanza. Miaka ya themanini, kule Kagera, waliuita Juliana, kwa sababu uliingia sambamba na nguo za biashara ya mpakani zilizojulikana kwa jina hilo, na waliozivaa wakaonekana kukonda kabla ya wengine. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, waliuita Slim, yaani mwembamba, na jina hilo likapanda hadi kwenye jarida la madaktari la Uingereza mwezi Oktoba 1985. Dar es Salaam watu wakazitwaa zile herufi nne za Kizungu, A, I, D na S, wakazitafsiri wapendavyo: Acha Iniue, Dogodogo Siachi. Halafu tukapewa neno rasmi, Ukimwi, upungufu wa kinga mwilini. Mtaani hatukutosheka nalo. Tukaongeza ngoma, tukaongeza umeme, tukaongeza kukanyaga miwaya. Mswahili hamezi neno la serikali mpaka alitie chumvi yake.

Sasa yatandaze majina hayo mkekani, ndugu msomaji, uyatazame moja moja. Kuna nguo, kuna safari, kuna mapenzi, kuna mguu ulioukanyaga waya kwa hiari yake. Yote ni majina ya watu wazima. Mtoto wa miezi saba angeingia wapi humo? Yeye hakununua shati la Juliana. Hakumfuata dogodogo yeyote. Waya aliukuta tumboni, au kwenye njia ya kuzaliwa, au kwenye ziwa la mama yake.

Na sisi tunaoandika tumefuata mkumbo huo huo. Nimesoma hadithi nyingi za Ukimwi katika vijarida vyetu vya vijana, na nyingine ni nzuri kweli; lakini karibu zote zina msichana wa mjini, kuna jamaa mwenye gari, kuna kitanda cha hospitali, na mwishoni kuna mtoto amesimama kando ya kaburi akilia. Mtoto yupo kama yatima. Yaani yupo kuonyesha ubaya wa waliokufa. Mtoto ambaye yeye mwenyewe ndiye mgonjwa simwoni. Historia yake ipo, tena ina tarehe na mahali, na sehemu yake kubwa imetendeka hapa hapa kwetu. Nimeikusanya kadiri nilivyoweza.

Ripoti ya kwanza kabisa ya ugonjwa huu ilitoka Marekani tarehe 5 Juni 1981, ikihusu wanaume watano wa Los Angeles. Kwa muda madaktari wengi waliamini ni ugonjwa wa wanaume wanaolala na wanaume, basi, habari imekwisha. Walioivunja imani hiyo, pamoja na wagonjwa wa damu na wadunga sindano, ni watoto. Desemba 1982 ilitoka habari ya mtoto wa miezi 20 wa San Francisco aliyekuwa ameongezewa damu. Wiki moja baadaye, tarehe 17, ikatoka ya watoto wachanga wanne wa New York, New Jersey na California. Kinga zao zilikuwa zimeporomoka bila sababu iliyojulikana. Mei 1983 madaktari James Oleske wa Newark na Arye Rubinstein wa Bronx wakatoa maelezo marefu zaidi katika jarida la chama cha madaktari wa nchi hiyo. Wengi wa watoto wale walikuwa wa familia maskini, na mama zao walikuwa wagonjwa au wako njiani kuugua.

Mwaka huo huo wa 1983, Ufaransa, kundi la Luc Montagnier na Françoise Barré-Sinoussi likakipata kirusi chenyewe. Na mwaka huo huo, Kagera, wakaandikwa wagonjwa watatu wa kwanza wa Tanzania. Kenya iliandika wa kwanza wake 1984. Ilipofika 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa umetoa taarifa ya mgonjwa. Kasi hiyo si mchezo. Lakini waliohesabiwa ni nani? Ni aliyeweza kujieleza, aliyekuja kwa miguu yake, aliyeulizwa amelala na nani. Mtoto haulizwi hayo.

Oktoba 1985 wataalamu walikutana Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, wakatunga vigezo vya kuutambua Ukimwi kwa macho pale pasipo na maabara. Kwa mtoto, dalili kubwa zilikuwa kukonda au kukua kwa shida, kuhara zaidi ya mwezi, na homa zaidi ya mwezi. Nikisoma orodha hiyo nakuna kichwa. Hizo si dalili za njaa pia? Si za kifua kikuu? Wodi yoyote ya watoto ya wakati ule ilijaa watoto wa namna hiyo, wenye kirusi na wasio nacho, vitanda vimebanana.

Na nyumbani tulikuwa na maelezo yetu tayari, ya zamani kuliko Bangui. Mtoto akidhoofika, miguu ikalegea, umri wa kutembea ukapita naye bado anatambaa, wazee husema kabemendwa. Maana yake, mzazi mmoja alitoka nje ya ndoa, au wazazi walikaribiana, hali mtoto hajaachishwa ziwa, na uchafu huo ukamharibu mtoto. Neno hili lina ukali wake. Linamnyooshea mtu kidole, na mara tisa katika kumi anayenyooshewa ni mama. Ajabu yake ni kwamba lilikuwa limeinusa njia yenyewe, kutoka kitandani hadi kwenye ziwa, halafu likakamata mshitakiwa asiyehusika.

Binamu yangu alizaliwa 1992 akafa 1994, akiwa na miezi ishirini. Kadi yake ya kliniki imebaki katika sanduku la marehemu mama yake, nami nimeiona. Wanaojua kadi za kwetu wanajua ile michirizi ya rangi, kijani, kijivu na nyekundu, na vidoti vya uzito ambavyo muuguzi huviunganisha kila mwezi. Mstari wake ulipanda vizuri katika kijani kwa miezi minne. Mwezi wa tano ukalala. Ukateremka kwenye kijivu, ukapanda kidogo, ukateremka tena, ukaingia kwenye nyekundu na humo haukutoka. Pembeni mkono wa mtu umeandika: nimonia. Kuhara. Nimonia. Masikio. Nimonia. Hakupimwa chochote zaidi ya uzito. Msibani mama yake aliambiwa mbele ya watu kwamba kambemenda mtoto, na hakujibu. 1996 akafuata yeye, na baba mtoto mwaka uliofuata. Katika hesabu yoyote ya taifa huyo mtoto ni nimonia.

Shangazi yangu alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto miaka yote ya tisini, hospitali siitaji. Amestaafu, anafuga kuku wa mayai, na ukimwuliza habari za kazi hujibu kwa mkato. Nilipomwamkia na kumwambia ninachoandika aliweka ndoo chini. "Marahaba. Mwanangu, usiandike kwamba walikuwa wanakonda tu," akasema. "Kila mtu anaandika wanakonda. Andika walivyokuwa wanaumwa."

Basi naandika, mengine kwa maneno yake, mengine kutoka vitabu vya tiba.

Mwuaji wa kwanza alikuja mapema, mtoto akiwa na miezi mitatu hadi sita. Ni aina ya nimonia inayoletwa na kijidudu cha jamii ya kuvu kiitwacho numosistisi. Kijidudu hicho hukutana na karibu kila mtoto duniani, na mwenye kinga hata hajui kimepita. Mtoto asiye na kinga hupumua mbio, mbavu zinaingia ndani, midomo inageuka rangi, na daktari akiweka chombo kifuani mara nyingine hasikii kitu cha maana. Mtoto aliyekuwa mnene juzi! Shangazi anasema hao ndio waliowachanganya, kwa sababu hawakufanana na picha ya Ukimwi iliyobandikwa ukutani. Hawakupata muda wa kukonda.

Waliovuka hapo walipata utando mweupe mdomoni. Mtoto mchanga yeyote anaweza kuupata wiki za mwanzo, wala si ajabu. Lakini huu ulirudi, ukarudi tena, ukateremka kooni, na mtoto mwenye njaa akawa analilia ziwa na akipewa analikataa, kwa kuwa kumeza ni kama kumeza mchanga. Kuhara kukafuata. Masikio yakatoa usaha miezi kwa miezi. Tezi za shingoni na kwapani zikavimba, na mashavu nayo yakatuna chini ya masikio, pande zote mbili, mithili ya perema isiyopona. Wenye mashavu hayo, kumbe, ndio waliokuwa na heri kidogo; madaktari walikuja kugundua kwamba hao mara nyingi huishi muda mrefu kuliko wenzao. Wengi wao pia mapafu yao yalijaa chembe za kinga zilizohamia humo na kukaa. Mtoto anakohoa miaka, vidole vinanenepa ncha kama virungu, na picha ya kifua inafanana mno na ya kifua kikuu. Wangapi walimezeshwa dawa za kifua kikuu mara mbili, mara tatu, kwa ugonjwa ambao haukuwa huo! Na wangapi walikuwa na kifua kikuu chenyewe kikakosa kuonekana, maana mtoto mdogo hajui kutoa makohozi, humeza.

Kulikuwa na mkanda wa jeshi kwa watoto wa miaka mitatu, ugonjwa ambao watu walizoea kuuona kwa wazee. Kulikuwa na surua iliyoua bila hata kutoa vipele vya kutosha. Kulikuwa na mioyo iliyotanuka ikachoka.

Lakini shangazi alipofika kwenye ubongo alinyamaza kidogo. Kirusi huingia ubongoni mapema, na kwa mtoto ubongo bado unajengwa. Hivyo mtoto aliyekwisha kukaa huacha kukaa. Aliyesema "mama" huacha kusema. Kichwa hakikui, miguu inakakamaa. "Mama zao walikuwa wananiambia, dada, jana alikuwa anapiga makofi," akasema, akaokota ndoo yake akaenda kwa kuku.

Kwa nini mtoto aende haraka hivyo? Mtu mzima aliyeambukizwa, bila dawa yoyote, aliweza kukaa miaka minane, kumi, kabla hajaanguka, kwa sababu kirusi kilikuta jeshi limekwisha fundishwa, lilipigana. Kwa mtoto kinaingia kambini siku ya kwanza, askari hawajajua hata kushika silaha, na chenyewe huzaliana humo kwa wingi wa kutisha, wala wingi huo haupungui upesi kama kwa mkubwa. Mwaka 2004 watafiti walikusanya pamoja hesabu za watoto 3,468 waliozaliwa na mama wenye kirusi katika majaribio ya Afrika. Miongoni mwa walioambukizwa na kukosa dawa, asilimia 35 walikuwa wamekufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja na asilimia 52 kabla ya miaka miwili. Nusu na ushei, na wazee wetu wakisema kabemendwa.

Sasa utauliza, si wangepimwa? Kipimo kilikuwepo tangu 1985. Hapa ndipo patamu, au niseme pachungu. Kipimo kile hakitafuti kirusi; kinatafuta askari ambao mwili umewatuma dhidi ya kirusi. Na mama mjamzito humpa mtoto wake askari hao bure, kama zawadi ya kuzaliwa, mtoto awe ameambukizwa au hakuambukizwa. Hukaa naye hadi miezi 18. Kwa hiyo ukimpima mtoto wa miezi mitatu na kipimo cha kawaida, unampima mama yake. Anayetaka jibu asubiri mwaka na nusu, na katika mwaka na nusu huo theluthi au zaidi ya walioambukizwa wamekwenda. Kipimo cha kukitafuta kirusi chenyewe kilihitaji maabara za gharama. Ilikuwa baada ya 2000, tena polepole, ndipo ikaenea njia ya kumchoma mtoto kisigino, kudondosha matone ya damu kwenye karatasi maalumu, kuyakausha, na kuyatia kwenye bahasha yaende maabara ya mbali. Karatasi ilisafiri kwa basi na mtoto akabaki kijijini. Napenda sana ufumbuzi wa namna hii. Lakini majibu nayo yalirudi kwa basi, na mara nyingi mama alikuwa amehama.

Sura inayofuata imeandikwa Afrika Mashariki karibu yote, na sijui kwa nini haturingi nayo. Bila kinga yoyote, mama mwenye kirusi ana uwezekano wa asilimia 15 hadi 45 wa kumwambukiza mtoto, kutegemea ananyonyesha au la na kwa muda gani. Mwaka 1994 Wamarekani na Wafaransa walionyesha kwamba dawa ya AZT, ikitolewa katika ujauzito, wakati wa uchungu na kwa mtoto wiki sita, inashusha maambukizo kutoka asilimia 25.5 hadi 8.3. Habari njema, ila bei yake ilikuwa ya Wazungu, sindano ya mshipani wakati wa kujifungua, na mama zao hawakunyonyesha.

Kunyonyesha! Tangu tuko wadogo redio imetuimbia kwamba maziwa ya mama ni dawa, na ni kweli. Nairobi, kuanzia 1992 hadi 1998, Dakta Ruth Nduati na wenzake walifanya jambo ambalo nikilifikiria hata leo nasisimka. Wanawake 425 wenye kirusi, kwa ridhaa yao, waligawanywa kwa bahati nasibu, hawa wanyonyeshe, hawa wape maziwa ya kopo. Walipofika miaka miwili, asilimia 36.7 ya walionyonyeshwa walikuwa wameambukizwa, na kwa wa kopo asilimia 20.5. Karibu nusu ya maambukizo ya walionyonya yalitoka kwenye ziwa. Lakini soma mstari unaofuata wa ripoti: vifo vya miaka miwili havikupishana kwa kiasi cha kuthibitika, asilimia 24.4 na 20. Na hao walikuwa wanawake wenye maji ya bomba, walioelekezwa kuchemsha na kupima. Uwapeleke kopo hilo wa kisima cha chumvi, uone kuhara kutakavyofanya kazi. Mama alikuwa anachaguliwa mtoto wake aondoke kwa mlango upi. Na mtaani kwetu mwanamke asiyenyonyesha alikuwa kama amejibandika tangazo kifuani; majirani walijua, mama mkwe alijua, na mara nyingi usiku mtoto akilia alipewa ziwa ili watu wanyamaze.

Dar es Salaam nako, kati ya 1995 na 1997, wanawake wajawazito 1,078 wenye kirusi walijiunga na utafiti wa Muhimbili na chuo cha Harvard wa kupewa vitamini. Vidonge vya vitamini mchanganyiko vilipunguza mimba kuharibika na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Vitamini A peke yake, iliyotarajiwa kuwa mkombozi, ikaonekana kuongeza maambukizo kwa mtoto. Nani angedhani? Ndiyo maana watu hupima.

Na Kampala, katika hospitali ya Mulago, kilipatikana kidonge kimoja. Kimoja tu cha nevirapini kwa mama uchungu unapoanza, na matone machache ya dawa hiyo kwa mtoto ndani ya saa 72. Matokeo ya 1999: wiki 14 hadi 16 baada ya kuzaliwa, maambukizo yalikuwa asilimia 13.1, dhidi ya 25.1 kwa waliopewa AZT kwa muda mfupi. Bei yake haikuzidi ya sahani chache za chipsi. Muuguzi wa zahanati angeweza, mkunga angeweza. Afrika Kusini serikali ilisitasita hadi Mahakama ya Katiba ikaiamuru mwezi Julai 2002 kuitoa dawa hiyo katika hospitali zake. Ilikuwa na dosari zake, maana mama wengi waliomeza kidonge hicho kimoja kirusi chao kikajifunza kuikwepa, na ziwa bado lilikuwa palepale. Utafiti mwingine uliofanyika Dar es Salaam, Kampala, Johannesburg na Durban ulionyesha faida ya dawa za muda mfupi ikiyeyuka kadiri mtoto anavyoendelea kunyonya. Jibu lilikuja kuwa rahisi kulisema na gumu kulilipia: mtibu mama mwenyewe, siku zote. Malawi ilianza 2011 kumpa kila mjamzito mwenye kirusi dawa kamili za maisha, na nchi nyingine zikafuata. Mama anayemeza dawa vizuri ananyonyesha, na uwezekano wa kumwambukiza mtoto unashuka chini ya asilimia 5. Miaka yote ile tulimwita "njia ya maambukizo" kabla hatujamwita mgonjwa.

Waliokwisha ambukizwa walingoja zaidi. Nairobi, padri na daktari Angelo D'Agostino alifungua Nyumbani mwaka 1992, makao ya watoto wenye kirusi walioachwa, na kwa miaka ya mwanzo kazi kubwa ilikuwa kuwafanya wafe wakiwa safi na wamekumbatiwa. Mapema miaka ya 2000 watoto wake walikuwa wanakataliwa na shule za umma. Ilibidi waende mahakamani ndipo, mwaka 2004, milango ikafunguliwa.

Mwaka huo huo wa 2004 Lusaka ilitoa matokeo yaliyonikasirisha kuliko yote niliyosoma. Watoto 541 wenye kirusi, nusu walipewa kotrimoksazoli kila siku na nusu kidonge kisicho na dawa, na vifo vikapungua kwa asilimia 43 hata jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake. Kotrimoksazoli ni ile tunayoiita Septrin. Ile ya duka la dawa pale kona! Ilikuwa kwenye kila kabati la kila zahanati miaka yote ya tisini, ikitolewa kwa kikohozi cha watu wazima.

ARV zenyewe zilishuka bei 2001, Cipla ya India ilipotangaza mseto wa dola 350 kwa mwaka. Lakini vilikuwa vidonge vya mtu mzima. Kampuni hutengeneza dawa kwa wenye soko, na katika nchi tajiri watoto wenye kirusi walikuwa karibu wameisha. Kwa hiyo mtoto wa Temeke alikatiwa kidonge cha baba yake, au akapewa sharubati tatu tofauti zenye vipimo vitatu tofauti, mojawapo ikitaka jokofu, na ina pombe zaidi ya asilimia 40, chungu kiasi kwamba mtoto akiona kijiko tu anatapika. Vidonge vya watoto vyenye dawa tatu kwa pamoja vilianza kupatikana 2007. Mwaka 2008 Afrika Kusini ikathibitisha kwamba kumwanzishia mtoto dawa mara tu agundulikapo, badala ya kungoja adhoofike, kunapunguza vifo kwa asilimia 76. Hadi hapo sheria ya kliniki nyingi ilikuwa ngoja. Na Novemba 2020 kikapata kibali kidonge cha dolutegraviri cha watoto, kinachoyeyuka kwenye maji na kina ladha ya stroberi. Kutoka Kagera hadi stroberi ni miaka 37.

Hesabu ya dunia ya 2023 inasema watoto wapatao 120,000 waliambukizwa mwaka ule, na kwamba asilimia 57 tu ya watoto wenye kirusi walikuwa kwenye dawa, wakati watu wazima ni asilimia 77. Sababu ni ile ile ya siku zote: hajulikani kama yupo. Mama hakupimwa, au alipimwa hana halafu akaambukizwa wakati ananyonyesha, na hakuna aliyerudi kuuliza.

Hata hivyo wako waliobaki, na hawa sasa ni watu wa rika letu. Walizaliwa miaka ya tisini na elfu mbili, wakapita kwenye hayo yote, dawa zikawakuta bado wanapumua. Wengine ni wafupi kuliko wadogo zao. Wengine mapafu yaliharibika utotoni na ngazi za ghorofa zinawashinda. Wengi walimeza dawa miaka wakiambiwa ni za kifua au za moyo, hadi siku waliposoma wenyewe maandishi ya chupa, wakiwa darasa la sita. Kliniki kadhaa zimetenga Jumamosi kwa ajili yao ili wasikose shule, na wakubwa waliokwisha maliza bado hupenda kuja siku hiyo hiyo, kuwaona wadogo.

Mmoja wao ni rafiki yangu, fundi simu, tunakunywa naye kahawa barazani. Nilimsomea haya yote jioni moja. Akaguna pale kwenye nimonia, akacheka kwenye stroberi, kwamba watoto wa siku hizi wanadekezwa. Halafu akauliza kama nimeandika habari ya wembe. Wembe gani? Bibi yake, akasema, alikuwa na wembe mmoja aliouweka juu ya kabati ndani ya kitambaa cheupe, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuutumia kwa kucha wala kwa uzi. Kila asubuhi na kila jioni aliweka kidonge juu ya kibao cha kukatia nyanya, akavaa miwani, akakikata nusu. Na ile nusu iliyobaki aliifunga, na vumbi lililodondoka kwenye kibao alililamba mjukuu kwa kidole, kwa sababu nalo lilikuwa dawa.